Kiingereza cha Adabu katika Ofisi ya Vibali

Kwa furaha isiyo kifani, Ofisi ya Vibali mjini Kitale ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mwananchi atakayesema "nataka". Kutaka ni ushenzi. Ataomba kwa Kiingereza cha adabu, baada ya kufunzwa na Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Hillary Gathogo. Hatua hiyo ilipongezwa na wote ambao hawakuhitaji kitu.

Nanyama alihitaji. Bila kibali, kibanda chake cha chapati pale Matisi kingebomolewa Ijumaa. Basi akakaa darasani, macho wazi.

Alhamisi akajaribu. "Could you possibly kindly sign my kibali?"

"Excellent, mama!" Mkurugenzi akafurahi kwelikweli. "I might."

"Sasa hiyo ni ndiyo ama ni hapana?"

"Hiyo ni adabu."

Nanyama akaelewa. Kulikuwa na Kiingereza cha kuomba na Kiingereza cha kujibu. "We shall look into it" ilimaanisha rudi Matisi. "The ball is in your court" ilimaanisha rudi Matisi ukikimbia. Akajifunza vyote viwili.

Mchana huo Mkurugenzi aliingia chooni kikazi. Kitasa kikagoma. Na wageni kutoka Bungoma, waliokuja kuiga huduma bora, ndio hao wanashuka gari.

"Fungueni! Nataka kutoka!"

"Ati anataka," Nanyama akamwambia Mukhwana, bawabu.

"Ushenzi, dada," bawabu akasikitika.

"Jameni! Could you possibly open the door?"

"Excellent, sir!" akajibu Nanyama. "We might."

Foleni nzima ikadakia: "We shall look into it!" "The ball is in your court, bana!"

Wageni wakasimama wakistaajabu. Hawakuwa wamewahi kuona wananchi wakiongea na mlango kwa heshima namna hiyo.

"Mama Chapati! Pitisha kibali hapa chini nisaini!"

"Lini, mkubwa?"

"Saa hii! Haki ya Mungu, saa hii!"

Kibali kikaingia, kikatoka na saini, kimelowa kidogo. Foleni ikakitazama. Halafu, bila kusukumana, ikahamia mlango wa choo, kila mtu na karatasi yake mkononi.

Jioni hakuna aliyebaki bila kibali. Wageni waliandika ripoti ya pongezi, wakapendekeza Bungoma nayo inunue kitasa kama kile.