Ukuta wa Daraja na Cheo cha Mjumbe

Jumatatu, 6 Mei
Wamepaka tena. Ukuta wa daraja la reli, mali ya umma, hatua kumi kutoka barazani kwangu. Neno moja, KRONK, herufi nene kama soseji. Mara ya tatu tangu Pasaka! Nimekuwa mjumbe wa mtaa huu miaka kumi na tisa, na Jumamosi majirani wanapiga kura. Concetta Filippone wa nyumba ya kona anakitaka cheo changu. Anadhani keki za malimau zinatosha kuongoza watu. Nimewapigia simu watu wa ofisi ya mji. Binti aliyepokea alisema gari la kusafisha litakuja baada ya wiki mbili. Nimemwambia maneno ambayo siyaandiki hapa.

Jumanne, 7 Mei
Concetta amepita na mbwa wake. Aliusoma ukuta kwa sauti, kisha akasema, "Pole, mjumbe. Naona mtaa umepata msemaji mpya." Mbwa akakojoa papo hapo. Mji una sheria kali kuhusu uchafu huu, lakini wahuni hawaisomi. Wataisoma.

Jumatano, 8 Mei
Kazi imekamilika, mchana kweupe, kama afanyavyo mtu mwenye haki. Nimefunika upuuzi wote kwa rangi ya kahawia. Juu yake nimeandika kifungu kizima cha sheria: ni marufuku kupaka rangi au kuandika chochote kwenye mali ya umma bila kibali, faini dola mia tatu na saa ishirini za kusafisha kuta za mji. Herufi nyeupe, mistari imenyooka kwa rula. Nimesimama kuitazama hadi pierogi zangu, vile viandazi vya kuchemsha vyenye viazi, zikapoa.

Alhamisi, 9 Mei
Fedheha. Afisa mmoja wa mji, Bi Renwick, amegonga mlango akauliza kama mimi ndiye niliyeandika ukutani. Nilikiri kwa fahari. Akauliza kibali kiko wapi. Nikamwambia sheria haihitaji kibali cha kutangazwa, nikampeleka aisome mwenyewe. Aliisoma yote, polepole.
"Umenirahisishia kazi, baba," akasema. "Namba ya kifungu nainakili hapa hapa."
Akainakili! Faini na saa ishirini, neno kwa neno. Wiki mbili hawana gari la kumsafisha KRONK, ila kwangu wamefika kwa siku moja. Aliyenichongea simtaji. Harufu ya keki ilitanda mtaa mzima jioni.

Jumamosi, 11 Mei
Kura thelathini na moja kwa mbili, kwa kuinua mikono kwenye chakula cha mtaa. Moja ni yangu. Ya pili ni ya mzee Bogdan, aliyeinua mkono kuomba haradali. Niliwaambia wanamchagua msaliti. Concetta hakunyanyua hata macho kutoka kwenye keki yake.
"Miaka kumi na tisa umetukaripia kwa mapipa ya taka, Zaremba," alisema, "na hiyo juzi ndiyo siku ya kwanza umetuchekesha. Kaa, ule."
Sikukaa. Sikula. Cheo hicho kitarudi, hata kwa kupitia ofisi ya meya.

Jumatatu, 20 Mei
Adhabu imeanza. Msimamizi, Teagle, ametugawia sisi tulioadhibiwa dawa na brashi, akaagiza tusafishe ukuta wa kushoto wa njia ya chini ya stesheni, kisha akaenda kuleta maji. Ukuta wa kushoto ulikuwa na mikwaruzo mitatu tu. Wa kulia ndio balaa! Mwanamke wa samawati, alizeti, korongo, rangi kumi na mbili kutoka sakafuni hadi darini. Wahuni wamethubutu hata kughushi kibao cha shaba chenye saini ya meya na tarehe ya uzinduzi. Nimesugua saa nzima bila kupumzika. Kichwa kimetoka, mabega yametoka, korongo amebaki miguu.
Teagle amerudi, ameziangusha chupa zote, ameketi sakafuni. Hakuwahi kuona bidii ya namna hii. Sasa anaongea kwa simu na ofisi ya meya yenyewe. Nimemsihi ataje kwamba cheo cha mjumbe wa mtaa wangu kinahitaji mtu kama mimi.
Kibao nimekwisha kukibandua. Nitampelekea meya kwa mkono wangu mwenyewe.