Saa ya Baba Mkwe Imerudi Mpya

Jumatatu, 3 Machi

Saa imerudi! Nimeichukua leo mchana kwa wakala wa kiwanda, ghorofa ya pili, ofisi yenye zulia nene mpaka viatu vyangu vikaona haya. Dada wa kaunta alivaa glavu nyeupe. Akaitoa saa kama anatoa kitoto kichanga. Nikajikaza nisishangae. Mtu anayejua saa hashangai.

Niandike ukweli, maana humu hasomi mtu. Saa sizijui. Mimi nauza magodoro. Saa yangu ni simu. Lakini siku ile mezani baba mkwe alilalamika kwamba saa yake ya fahari, aliyojinunulia ujanani alipokuwa mhandisi wa madaraja, imeanza kuchelewa. Kabla mwanyumba wangu hajafungua mdomo, mimi nikawahi. Nikasema watu wa kiwanda kile nawajua vizuri, na sevisi nzuri na mbovu naitambua kwa kuishika tu saa mkononi. Mdomo wangu hutangulia. Kichwa hufika baadaye, kikihema.

Mwanyumba ndiye chanzo cha yote. Amemwoa mdogo wake mke wangu. Mpima ardhi. Anaongea polepole, na kila asemalo linakuwa kweli. Moyoni namwita Bwana Taratibu. Jumapili hii baba mkwe anatimiza miaka sabini, na ametangaza kwamba siku hiyo ataivua saa ampe mmoja wa wanawe. Mzee hana mtoto wa kiume. Ana mabinti wawili tu. Kwa hiyo ni mimi au Bwana Taratibu. Hesabu nyepesi!

Naitaka saa ile. Si kwa ajili ya kujua saa. Nataka mzee anitazame mara moja, mara moja tu, jinsi anavyomtazama Bwana Taratibu akieleza habari za mipaka ya viwanja.

Siku nilipoipeleka, dada wa kaunta aliniuliza kama mikwaruzo yote iondolewe. Nikasema yote. Akauliza tena: hata huu mrefu wa ubavuni, kushoto? Akasema kuna wateja hupenda alama fulani zibaki. Nikacheka kidogo, kistaarabu. Nikamwambia nataka itoke kama imezaliwa jana.

Imetoka hivyo hasa. Inang'aa mpaka nimejiona pua, pamoja na matundu yake.

Jumanne, 4 Machi

Baba mkwe kapiga simu. Anataka nikae na saa mpaka Jumapili niikague kwanza, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu. Neno lake hilo, sikulitia chumvi. Mtaalamu! Nimemweleza mke wangu mara tatu. Mara ya tatu akaongeza sauti ya redio.

Nimesoma kwenye simu namna ya kukagua sevisi ya kiwandani. Saa ilazwe chali, ilazwe kifudifudi, isimamishwe kwa ubavu, na kila mkao ulinganishwe na saa ya redioni. Sasa nani ana mahali pa kulaza vitu kumshinda muuza magodoro? Asubuhi nimeilaza juu ya godoro gumu. Mchana juu ya laini. Jioni juu ya lile la bei mbaya linaloshika umbo la mtu. Kisha nikaivaa na kuanza kutembea, maana ni saa isiyotiwa betri, inajivuta yenyewe mkono ukicheza. Nikazunguka duka zima nikiupunga mkono. Bosi akauliza kama bega linaniuma. Mteja aliyekuwa mlangoni akanipungia na yeye.

Matokeo: haikosei hata kidogo. Nimeudhika. Mtaalamu akisema kila kitu kiko sawa, nani atajua kwamba ni mtaalamu?

Jumatano, 5 Machi

Imekosea! Asubuhi nimeikuta imekimbia mbele, si kidogo. Nilicheza peke yangu chumbani nikiwa na soksi mguu mmoja. Kiwanda kizima kimeumbuka mikononi mwa muuza magodoro! Nikamwomba bosi ruhusa, nikasema ni mambo ya bega.

Njiani nikaandaa hotuba. Ilikuwa na maneno kama "uzembe" na "heshima ya mteja". Nikafika, nikaianza kwa sauti ili na wale waliokaa kwenye sofa wasikie. Dada wa kaunta akangoja nivute pumzi, kisha akauliza saa ililala wapi jana usiku. Nikamjibu kwa kiburi: juu ya spika ya redio, ili iwe karibu na saa inayotangazwa. Akaniambia, kwa upole unaouma kuliko tusi, kwamba ndani ya spika mna sumaku, na saa ya namna hii ikishikwa na sumaku hukimbia. Akaipitisha juu ya kidude fulani, akabonyeza. Ikapona.

Hotuba yangu ilikuwa bado nusu. Nikaimeza. Nikamwambia nilikuwa nawajaribu tu, na wamefaulu. Akashukuru. Mmoja wa wale wa kwenye sofa akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Sevisi ya kiwanda hiki ni nzuri sana. Inakera.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Niiandike haraka.

Jioni nilikuwa jikoni nakagua kama saa inaingiza maji. Bakuli limejaa, saa imezama, nami nimeinama natafuta povu. Akaingia Bwana Taratibu, amekuja kurudisha ngazi yetu. Akasimama. Akauliza, polepole, kama naichemsha au inaliwa baridi hivyo hivyo. Nikaitoa, nikaifuta, kioo kikavu kwa ndani, hakuna hata tone. Nikamkabidhi ajionee kazi ya kiwanda ikisimamiwa na mtu makini.

Akaigeuza. Akapitisha kidole ubavuni, upande wa kushoto. Akanitazama muda mrefu. Akasema "Haya." Akaenda zake. Haya gani? Nilijua tu ni wivu.

Baadaye mke wangu akaishika. Kidole chake nacho kikaenda pale pale. Akakaa chini. Akauliza mkwaruzo uko wapi. Nikamwambia kwa majivuno kwamba nimeamuru ufutwe, na kwamba dada wa kaunta nusura aniharibie kwa maswali yake.

Ndipo akaniambia. Alipokuwa mtoto mdogo, nyumba yao ikiwa bado inajengwa, alipanda ngazi zisizokuwa na ukingo. Akateleza. Baba yake akamdaka gauni akiwa tayari yuko hewani, na mkono wenye saa ukasuguka ukutani kwenye saruji tupu na kokoto. Mkwaruzo ule ni wa siku hiyo. Mzee hajawahi kukubali uondolewe. Akiwa na mawazo huupapasa. Akifurahi huupapasa.

Nikasema mbona sijawahi kusimuliwa. Akasema nimesimuliwa kila tulipokwenda kula kwao. Kila mara! Nikakumbuka. Kweli, mzee huanza kuipapasa saa na kuongea, na mimi huikodolea macho nikiwaza itakavyokaa mkononi mwangu. Masikio yangu hufunga duka.

Mke wangu hakufoka. Angefoka ningejua la kufanya, nina uzoefu. Aliiweka saa mezani taratibu, akaenda kulala, akanigeuzia mgongo. Nimeona aibu. Si ile aibu yangu ya kila siku inayoisha kwa chai. Hii imekaa kifuani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempigia dada wa kaunta. Nikauliza kama kiwanda kinaweza kuurudisha mkwaruzo. Aliniomba nirudie swali. Akasema kuondoa wanaweza, kurudisha hawana hiyo huduma. Nimekipatia kasoro mwishowe, lakini sina nguvu za kufurahi.

Basi nitaurudisha mwenyewe. Sherehe ni kesho!

Kwenye simu ya mke wangu nimekuta picha ya baba mkwe akijiandaa kwenda harusini, chumbani kwetu, anakaza tai, saa ikionekana wazi. Nikaivuta picha mpaka ikawa vinukta vinukta. Vidole vyake vimeziba upande mmoja wa saa, lakini mkwaruzo nimeuona! Mrefu, umelala kidogo, ubavuni kulia. Kulia! Dada wa kaunta alisema kushoto, na wale wawili jana walipapasa kushoto, lakini watu hukosea. Picha haisemi uongo. Mtaalamu hufuata ushahidi.

Nikafanya mazoezi kwenye vijiko vya chai kwa bisibisi ndogo ya miwani. Vijiko vyote sasa vina mikwaruzo ya kishujaa. Kisha saa yenyewe. Chuma kigumu hicho! Bisibisi iliteleza mara ya kwanza. Mara ya pili ikateleza zaidi. Ya tatu nilifumba macho. Nilipofumbua, mkwaruzo ulikuwapo, na ndugu zake wawili wadogo pembeni. Kijasho chembamba kilinitoka, lakini ukiangalia kwa mbali, na ukiwa na nia njema, unafanana.

Nikajipongeza kwa chai. Kijiko kilinikwaruza mdomo. Mke wangu sikumwambia. Itakuwa furaha ya ghafla.

Jumapili, 9 Machi

Tumerudi. Nipo peke yangu sebuleni.

Chakula kilikwenda vizuri. Mama mkwe aliniongezea mara mbili. Mezani mzee akaomba saa yake. Nikamkabidhi mbele ya wote, nikasema kazi ya kiwandani nimeikagua mwenyewe, ni ya daraja la kwanza. Bwana Taratibu akasoma kwa makini maandishi ya chupa ya maji.

Mzee akaivaa. Akasema kabla hajaitoa ataisimulia kwa mara ya mwisho. Safari hii nikasikiliza! Nilisikiliza kila neno, nyumba isiyokwisha, ngazi, gauni, saruji. Alipofika pale anapomdaka mtoto, kidole gumba chake kikaenda saani, kushoto. Kikapapasa. Kikarudi. Kikapapasa tena. Mzee akanyamaza katikati ya sentensi. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyefika mlangoni kwake akakuta nyumba haipo.

Meza nzima ikamtazama. Mimi sikuweza kuvumilia. Nikapiga kelele: "Upande wa pili, Baba!"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu. Hakuna.

Mzee akaigeuza saa. Akakuta mkwaruzo wangu na wadogo zake wawili. Bwana Taratibu akavaa miwani, kwa utaratibu wake wote. Mzee akauliza umechongwa kwa kitu gani. Nikajibu: bisibisi ya miwani. Akauliza kwa nini kulia. Nikasema nilifuata picha. Mke wangu akatoa simu, akaiangalia, akaiweka mbele yangu. Nyuma ya baba yake anaonekana mke wangu mwenyewe, kashika simu, anapiga picha ile ile. Ndani ya kioo cha kabati letu, kinachogeuza kushoto kuwa kulia. Kabati ambalo najitazama kila asubuhi!

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwomba mzee radhi. Nikamwambia sizijui saa, sijawahi kuzijua, nilitaka tu anione mtu wa maana.

Akanitazama. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Anacheka! Alicheka mpaka mama mkwe akampiga mgongo. Akasema amekagua kazi za watu maisha yake yote, na mstari uliopinda hivyo hajawahi kuuona, hata kwenye daraja lililoanguka. Halafu akalia kidogo kweli, akajifuta kwa kitambaa cha meza.

Akaivua saa. Nikakaa sawa. Najua, najua, lakini nilikaa sawa. Bwana Taratibu naye nilimwona akivuta mkono wa shati. Mzee akatupita sote wawili akaifunga mkononi mwa mke wangu. Akasema aliahidi kumpa mmoja wa wanawe, na huyu ndiye mwenye mkwaruzo. Akamwinua kidevu, akagusa lile kovu dogo chini yake. Saa ilimkata pale siku ile ile, akasema, na hili hakuna kiwanda kitakacholifuta.

Miaka yote ya ndoa nilidhani ni tetekuwanga.

Njiani mke wangu alinishika mkono. Akasema mkwaruzo wangu atauacha. Nikamwuliza kwa nini. Akasema ili siku nyingine akiwa na huzuni aupapase acheke. Nimefurahi kuliko ningepewa saa.

Jumatano, 12 Machi

Nimejifunza. Naandika kwa herufi kubwa moyoni: NIMEJIFUNZA. Kuanzia sasa sijitii ujuzi wa saa. Mke wangu anaivaa, haikosei, na nikimuuliza saa ngapi ananiambia niangalie kwenye kioo cha kabati. Navumilia. Nastahili.

Jioni tumepita kwa wakwe. Bwana Taratibu na mkewe walikuwapo. Mama mkwe katoa stoo cherehani yake ya zamani, ya mkono, sindano inakwama na uzi unakatika. Akasema angetaka ifanyiwe sevisi na kampuni yenyewe iliyoiunda, lakini hajui pa kuwapata. Nikamwona Bwana Taratibu anavuta pumzi ili aongee.

Nikawahi! Nikasema watu wa kampuni ile nawajua vizuri sana. Cherehani si saa, hapa nipo nyumbani. Naipeleka kesho.

Ni cherehani nzuri, ila imechakaa. Karibu na gurudumu rangi imelika kabisa, pamebaki doa jeupe lenye umbo kama la kiganja cha mkono. Mama mkwe akaweka mkono wake pale, akaanza kueleza habari ndefu, kitu fulani kuhusu marehemu mama yake. Sikumfuata vizuri, nilikuwa natafuta namba za simu za kampuni. Mke wangu alikuwa akinikanyaga mguu chini ya meza, sijui alitaka nini.

Nimeshazungumza nao. Rangi wanapaka bila kuongeza bei. Nimewaambia wapake yote, na doa lile wasiliache hata chembe, cherehani itoke kama imezaliwa jana.