Nilivyomshinda Bisimwa kwa Vijiti

Jumamosi, 1 Machi

Louisville, kwa dada yangu. Mpwa wangu Trevor ametimiza miaka kumi. Keki imekatwa, tumelishana mdomoni mmoja mmoja kama kawaida yetu. Mimi nimemlisha hata mchungaji. Nina mkono mzuri wa kulisha watu, kila mtu amesema.

Kisha simu! Karekezi wa ofisini. Kwamba Bwana Hayashida, mzee wa Kijapani anayeongoza kiwanda chetu cha breki pale Hilliard, anatualika mimi na Bisimwa, mfanyakazi mwenzangu, kwa chakula cha jioni, Ijumaa tarehe 14. Mkahawa wa Kijapani. Sisi wawili tu. Na kiwanda kinatafuta msimamizi wa shifti ya mchana! Mimi si mtoto, nimeelewa. Huo ni mtihani. Atakayejua kula kwa vijiti ndiye msimamizi.

Karekezi akauliza pia kama nimesoma barua iliyo kwenye sanduku langu kazini. Barua! Barua za kazini ni habari za viatu vya usalama tu. Nina mambo makubwa.

Jumatatu, 3 Machi

Columbus, nyumbani. Niandike ukweli hapa, maana hakuna anayesoma. Miaka minne nimekuwa shifti ya jioni. Natoka nyumbani saa nane mchana, mwanangu Whitney yuko shuleni. Nikirudi amelala. Chakula changu kinaningoja kwenye microwave, kimefunikwa sahani. Mwezi uliopita walimu waliwaambia wachore familia ikila. Whitney alimchora mama yake mezani, akajichora na yeye. Mimi alinichora mlangoni na mfuko wangu wa kazini. Niliumia sana. Hiyo shifti ya mchana ni yangu, Bisimwa apende asipende.

Nimenunua vijiti jozi tatu dukani Morse Road. Nimefanyia mazoezi kwenye githeri, mahindi na maharagwe, punje moja moja. Saa nzima nimekula maharagwe manne. La tano liliruka likaingia kwenye chai ya Nyaboke. Mke wangu huyu hana subira. Ameniambia Baba Whitney, chukua kijiko tuendelee na maisha.

Jumatano, 5 Machi

Nimempeleleza Bisimwa wakati wa mapumziko. Alikuwa anakula fufu na sombe, majani yao ya muhogo, kwa mkono, ametulia kabisa, mtu wa Bukavu asiye na wasiwasi. Nikamuuliza anajiandaaje. Akasema, bon, yeye ataenda tu kula. Ujanja mtupu! Hakuna mtu anayeenda tu kula.

Basi nikamtega. Nikamnong'oneza kwamba Wajapani wakishakuzoea hupenda uwaonyeshe kwamba uko huru, uile sushi yao kwa mkono. Akanishukuru! Akaniita grand, yaani kaka mkubwa, akanishika bega. Nilijisikia vibaya kidogo. Kama dakika mbili hivi.

Jumamosi, 8 Machi

Buffalo, West Side. Mwendo wa saa tano na nusu barabarani, theluji mpaka magotini. Nimekuja kwa Anicet, Mkongomani niliyekaa naye chumba kimoja nilipofika nchi hii. Ana miaka sita akibeba sahani kwenye mkahawa wa Kijapani. Mwalimu wa kweli!

Amenifundisha mchana kutwa. Vijiti vikipumzika vinalazwa. Usimnyooshee mtu kijiti. Usivilambe. Usivute bakuli kwa vijiti. Kisha akapiga meza. Akasema kuna mawili ya hatari kabisa: kusimamisha vijiti kwenye bakuli la wali, na kupokezana chakula, vijiti kwa vijiti. Yote mawili ni ya msibani. Wali wa marehemu ndio husimamishiwa vijiti, na mifupa ya marehemu ndiyo hupokezanwa hivyo baada ya kuchomwa. Nimemwambia jambo kama hilo siwezi kulisahau hata nikitaka. Akanisihi niandike hata hivyo. Nimeandika nyuma ya risiti ya petroli.

Jumamosi, 15 Machi

USHINDI! Ngoja nipange mambo yote.

Jana, kwenye maegesho, nilinakili risiti yote kwenye kiganja cha kushoto. Kalamu nyeusi, herufi safi. Nikaingia kifua mbele. Bisimwa alikuwa amevaa suti ya kanisani. Bwana Hayashida akainama, nasi tukainama.

Hatujakaa vizuri, msichana akaleta vitambaa vya moto. Ala, maji ya kunawa! Mimi nimelelewa Kisii. Sigusi chakula kabla sijanawa mikono. Nikasugua viganja vyote viwili, katikati ya vidole, mpaka kwenye viwiko. Nilipofungua mkono wa kushoto nisome somo langu, kiganja kilikuwa cheupe kama cha daktari. Kitambaa ndicho kilichokuwa cheusi.

Nikajiuliza Anicet alisisitiza nini? Alipiga meza kwa nini? Nikayakumbuka. Mawili! Kusimamisha kwenye wali na kupokezana. Kama alipiga meza, basi hayo ndiyo makubwa kuliko yote.

Wali ulipoletwa nikachukua vijiti vyangu, nikavisimika katikati yake. Vikasimama wima, sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Msichana akasimama na trei yake. Bwana Hayashida akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimefiwa. Swali la adabu kweli! Nikamjibu ndiyo, nyanya yangu, mwaka 2009. Akainamisha kichwa muda mrefu. Nilimgusa moyo yule mzee.

Bisimwa, kwa wivu, akanyoosha mkono polepole akaving'oa vijiti vyangu, akavilaza.

Kisha sushi. Mtego wangu ukafyatuka: Bisimwa akachukua tonge kwa mkono! Nikainamisha macho, nisione aibu yake. Bwana Hayashida akacheka, akaweka vijiti vyake chini, naye akala kwa mkono. Akamwambia kwamba baba yake alikula sushi hivyo hivyo maisha yake yote. Upole gani huo! Mzee alijidhalilisha ili mgeni asiaibike.

Mimi nikamalizia kazi. Nikabana kipande kinono cha kuku, mara ya nne ndiyo kikashika, nikampa, vijiti kwa vijiti. Hakupokea. Akasogeza sahani yake. Nikaona mzee anaona haya, na mzee akiona haya kwetu hulishwa. Basi nikampelekea mdomoni, kama keki ya Trevor. Akanitazama. Bisimwa alifunga macho. Mzee akafungua mdomo, akala! Mabega yakaanza kumtikisika, machozi yakamtoka, akafunika uso kwa kitambaa. Nimemfanya mzee wa watu alie kwa furaha.

Jumatatu, 17 Machi

Kazi ni yangu! Nimefungua sanduku langu leo, barua hii hapa. Msimamizi wa shifti ya mchana, kuanzia tarehe 24.

Kuna mambo ya ajabu humo ndani. Eti ni kwa sababu Januari nilisimamisha mtambo nikakataa breki zenye ufa zisitoke, hata nilipofokewa. Eti chakula cha tarehe 14 ni cha kutupongeza. Na barua ina tarehe 26 Februari! Aliyeipiga chapa ni mzembe, nitazungumza naye nikishakaa kitini.

Bisimwa naye amepewa usimamizi wa shifti ya jioni, ile niliyokuwa nikifanya mimi. Amenionyesha barua yake, tarehe ni hiyo hiyo, uzembe ule ule. Akasema, donc, grand, yeye aliisoma zamani, alidhani na mimi nimesoma. Nimempa pole. Nimemwambia asikate tamaa, vijiti vinahitaji miaka. Akacheka mpaka akakaa chini. Wakongomani wana moyo mzuri wakishindwa.

Jumatatu, 24 Machi

Saa kumi na mbili jioni, na mimi niko nyumbani! Nyaboke ameweka ugali, mboga ya managu na nyama. Sahani tatu mezani, hakuna iliyofunikwa. Whitney ameniuliza, kwa Kiingereza, kama kesho pia nitakuwepo. Nimesema kesho, keshokutwa, kila siku. Akasogeza kiti chake karibu na changu. Ilibidi niende kutafuta chumvi jikoni, na chumvi ilikuwa mezani.

Niliporudi nilisimika vijiti katikati ya ugali, kwa shukrani. Whitney akachungulia simu ya mama yake, akasema hiyo hufanyiwa maiti. Nikamwambia simu haijawahi kula na Bwana Hayashida. Nyaboke aliangalia vile vijiti, akaniangalia, akaniwekea nyama.

Mzee mwenyewe amekubali kuja kula kwetu Aprili, pamoja na mama yake wa miaka tisini anayemtembelea kutoka Japani. Mama nitamlisha kwa mkono wangu. Na vijiti nitamsimikia mbele yake kabisa. Ugali unashika vizuri kuliko wali.