Jelato ya Mvua ya Mawe

Jumanne, 10 Novemba 1987. Asubuhi ya ukungu mzito. Ng'ombe nimemkamua bila kuona kichwa chake.

Miaka saba nimeosha vikombe vya akina mama wa kanisa. Saba! Sasa Mama Felicitas, mwenyekiti wetu, anatafuta wa kusimamia meza ya vitu vitamu siku ya harambee ya paa la kanisa. Ataonja kabla ya Jumapili, kisha achague. Celina wa duka ataleta aiskrimu ya boksi kutoka Meru mjini. Mimi nitaleta jelato. Hapa Kibirichia hakuna aliyewahi kuisikia. Vizuri.

Nilifundishwa na Sista Agnese, Mwitaliano, nilipokuwa mpishi misheni. Alisema aiskrimu ni krimu nyingi na viini vya mayai, hupigwa haraka mpaka ijae hewa. Ya kiwandani imezidi: nusu ya boksi ni pumzi tu. Jelato ni maziwa hasa, krimu kidogo, inazungushwa polepole kama unabembeleza mtoto. Inakuwa nzito. Wala haigandishwi sana, ili ulimi usife ganzi, upate kuonja.

Nimekaa jikoni nikijiona nyuma ya meza, kitambaa cheupe, Celina akiosha vikombe. Maziwa yamechemka yakamwagika yote.

Jumatano, 11 Novemba. Mawingu.

Shida ni barafu. Umeme umeishia sokoni, na friji ni ya Celina peke yake. Nimemwomba vipande viwili, nikasema nina mguu uliovimba.

"Mguu upi, Mama Kendi?"

Nikaonyesha wa kulia. Nikaondoka nikichechemea wa kushoto. Amecheka mpaka nikafika barabarani.

Alhamisi, 12 Novemba. Joto la ajabu tangu asubuhi. Weusi upande wa mlima.

Joto la namna hii huleta mvua ya mawe. Viazi vya kila mtu vimetoa maua. Jirani yetu Murithi alikuwa anatazama juu akisema Mungu atuhurumie. Nikaingia chumbani, nikapiga magoti. Niliomba beseni tatu tu.

Saa nane mvua ikaja. Mungu hapimi kwa beseni! Mume wangu Marete alisimama mlangoni, mikono kichwani, akililia viazi vyake. Mimi nje, sufuria kichwani kama kofia, nazoa. Barafu ndani ya ndoo, chumvi ya ng'ombe juu yake ili baridi izidi, sufuria ndogo ya maziwa katikati. Nikazungusha. Polepole. Mabati yakanyamaza. Dunia nyeupe, harufu ya majani yaliyopondeka, na maziwa yakaanza kushika mwiko. Nilisahau hata jina langu. Nikaonja. Nzito, laini, tamu kama usingizi wa mchana.

Nikakimbia nayo kwa Mama Felicitas. Nimemkuta katikati ya shamba, viazi vimelala chini, analia. Nikampa kijiko. Akaonja huku analia. Akaonja tena. Akasema hajawahi kula kitu kama hiki, meza ni yangu. Halafu akauliza barafu nimetoa wapi.

Mimi sisemi uongo. Nikamwambia niliiomba.

"Uliomba nini?"

"Mvua ya mawe, mwenyekiti. Lakini kidogo."

Amenirudishia kijiko. Sufuria amebaki nayo.

Jumapili, 15 Novemba. Mbingu safi, baridi kidogo.

Imetangazwa: meza ni ya Celina, vikombe ni vyangu. Hakuna aliyenipa mkono. Celina ameniomba, mbele ya watu wote, nimwombee sukari ishuke bei. Marete hasemi nami tangu Alhamisi.

Jioni, nikimwaga maji ya vikombe, mlima umejifunua wote, kileleni mweupe wenye wekundu wa jua. Nimesimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Barafu yote ile! Haina mwenyewe, haigusi kiazi cha mtu. Kwa punda ni siku mbili kupanda, siku mbili kurudi, barafu imefukiwa kwenye maranda ya mbao isiyeyuke. Murithi ana punda, na msimu huu hana viazi vya kumbebesha. Nitamwendea kesho mapema, kabla hajaambiwa niliomba nini.

Nalala sasa, saa nne na robo.