Fimbo ya Kumvutia Miraji

Jumatatu, 13 Oktoba

Sasa hivi mwanangu Malak amefunga uzi kwenye mwiko wangu, amepanda juu ya kochi, anavua soksi zilizoanguka nyuma ya radieta ya kupashia chumba joto. Miaka minne tu! Kidole juu ya uzi, mdomo kaufumba, baba yake Miraji kabisa. Nikamwuliza kama samaki wanakula. Akanijibu kwa Kiingereza nisipige kelele, nitawakimbiza.

Nikalia kidogo. Halafu mpango ukanijia.

Mambo yalivyo: mwishoni mwa Julai Miraji alinipa talaka moja, akahamia kwa rafiki yake Firoz kule Thornton Heath, ng'ambo ya jiji. Sababu, nilimwandikia barua bosi wake wa gereji ya mabasi, kwa jina la Miraji, kumwombea cheo. Cheo hakikuja. Kilikuja kicheko cha gereji nzima. Miraji akasema amechoka na mbinu zangu, kwa nini siwezi kumwambia mtu jambo kwa mdomo wangu.

Sasa nimo edani. Hedhi ya tatu ikianza, eda imekwisha. Kabla ya hapo akitamka tu kwamba amenirejea, mimi ni mke wake tena, bila harusi wala mahari. Nimehesabu kwenye kalenda ya jikoni. Jumapili au Jumatatu. Mwili wangu hauna tabia ya kuchelewa.

Mpango: kila Jumapili Miraji huvua kwenye mfereji wa mashua. Anamtafuta zanda, samaki mwenye macho kama kioo, anayegusa chambo kwa aibu, kama mgeni asiyejua kama nyumba ndiyo hiyo. Fimbo ya Miraji ya kuvulia ni nzito, haimwambii kitu. Nitampa fimbo inayohisi. Atafurahi. Atanirejea. Rahisi!

Jumanne, 14 Oktoba

Fimbo nimenunua! Nene, ndefu, inang'aa. Dereva wa basi alikataa kunipandisha nayo. Nimetembea Kingsbury nzima watu wakiniinamia isiwagonge.

Mlangoni nikamkuta wifi yangu Mwanamwema, dada yake Miraji. Akaitazama juu mpaka chini, akauliza hiyo ya kuvulia au ya kuangulia nazi. Wenzako wakiwa edani wanajifukiza udi, wanajipaka hina, akasema, wewe unamnunulia mwanamume mti! Angekuwa yeye angepiga simu tu: Miraji, nakutaka, rudi. Basi.

Kweli wifi yangu hana ufundi.

Udi nao nimejaribu. Kengele ya moshi ililia mpaka jirani wa juu akashuka na ndoo.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimempeleka Malak kwenye duka la mzee Tarsem, anayeuza vifaa vya uvuvi. Nikamwonyesha picha ya fimbo yangu. Aliondoa miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema inafaa sana, kama mume wangu anavua papa.

Kumbe kwa zanda inatakiwa ya kaboni, futi sita na nusu, nyepesi, ncha yake ipinde kidogo na kurudi upesi. Chambo ni kisamaki cha mpira chenye chubwi, risasi ya kukizamisha, kichwani. Unakidundisha chini ya maji, na mguso wa zanda unapanda na uzi, unapita kwenye fimbo, mpaka kiganjani.

Jinsi ya kuchagua sasa! Mmoja anashika mpini, mwingine anagusisha ncha kooni, anasema. Sauti ikifika mkononi, fimbo inahisi. Malak akashika, mimi nikasema nakupenda Malak. Ya kwanza, hakuna. Ya pili akapandisha mabega. Ya tatu akacheka, akasema kwa Kiingereza inamtekenya.

Nimechukua ya tatu. Ile nene tunaanikia nguo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Miraji alikuja kumwona Malak baada ya swala. Mimi gauni la maua, nywele nimesuka, hina mikononi. Nikampa fimbo.

Aliilaza juu ya kidole kimoja, ikatulia. Akatabasamu. Tangu Julai sijaliona lile pengo la jino lake.

Nikamwambia kuna namna ya kuipima. Akashika mpini, akafumba macho. Nikaweka ncha kooni. Neno nilikuwa nalo tangu Jumatatu, nimelifanyia mazoezi mpaka ndani ya treni: nirejee. Neno moja!

Nikasema sabuni ya kufulia imekwisha.

Akasema imefika, mpaka kwenye kiwiko. Kisha kwa sauti ya chini, macho bado kayafumba: endelea, Afra.

Nikasema na mchele pia.

Akangoja. Chai yake ikapoa. Mwishowe akachukua fimbo, akaondoka. Baada ya nusu saa nimefungua mlango nikakuta sabuni na mfuko wa mchele.

Hatua ya kwanza imefanikiwa!

Jumapili, 19 Oktoba

Miraji kapiga simu saa kumi alasiri. Zanda! Mrefu kama mkono wake! Kaguswa kidogo tu, akasema, mguso ambao fimbo ya zamani ingeumeza. Alizungumza dakika kumi na mbili. Mwaka jana mzima hatukufikisha dakika kumi na mbili. Firoz alisikika nyuma akimwambia aache habari za samaki, aseme lililompigisha simu.

Nikawasikia bata wa mferejini. Miraji akaniuliza kama nina la kumwambia. Akasema anasikiliza.

Ulimi ulikuwa tayari, Mungu shahidi. Lakini mpango! Kesho asubuhi analeta samaki, nitampikia kwa nazi, atanirejea mwenyewe bila kuombwa. Ndivyo ninavyotaka mimi. Nikamwambia sina, Malak anakusalimu.

Akasema haya. Akakata simu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Hedhi imeanza. Saa kumi na mbili asubuhi. Nimekaa kwenye ukingo wa bafu mpaka miguu ikafa ganzi.

Miraji kaja saa nne na samaki. Nilijitanda ushungi kabla ya kumfungulia, maana sasa si mume wangu tena. Aliutazama ushungi, akajua. Mfuko ukabaki mkononi mwake muda mrefu. Akasema pole, Afra. Nikasema samaki mzuri. Akambusu Malak, akashuka ngazi.

Mwanamwema amekuja, amelia kuliko mimi. Anasema kosa ni mdomo wangu, kaka yake alikuwa anangoja neno moja tu. Hapana. Nimempigia simu mzee Tarsem, kanieleza kwamba uzi mnene hula mguso hata fimbo iwe nzuri vipi. Unaona! Kosa ni uzi. Na njia bado ipo, anaweza kuniposa upya, kwa ndoa mpya na mahari mpya. Nimeanza kuandika mpango.

Mwanamwema ananiita kutoka jikoni. Anasema Miraji hajapanda treni, bado amekaa kwenye benchi la kituo, Miraji kamwambia Firoz, na Firoz kampigia wifi simu. Niache kalamu nikimbie, nikamwambie mwenyewe kwa mdomo wangu. Nakuja, wifi! Namaliza tu hapa. Hatua ya kwanza, uzi uwe mwembamba, rangi ya maji, usioonekana kabisa, na