Jaduong' Analala Mchana

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mama Nyatichi, tajiri wangu, ameleta mbwa. Mkubwa kama ndama, kichwa kama sufuria ya matanga. Aina yake Kangal, asili yake Uturuki, kazi yake kulinda kondoo wasiliwe na fisi hapa Lambwe. Nikauliza kwa adabu: na mimi je? Kazi hiyo ni yangu tangu nitoke shule, kidato cha pili, walimu walipoishiwa na la kunifundisha. Mama akasema mwisho wa wiki ataamua nani abaki. Sheila, mpwa wake, tayari anamwita Jaduong', kama mzee wa heshima. Mimi ananiita "wewe".

Jumanne, 4 Machi

Jaduong' amelala tangu asubuhi. Nilitupa fimbo aifuate. Aliitazama, akanitazama, akapiga miayo. Nikamwamuru aketi. Akasimama. Nikamwamuru asimame. Akalala. Mama anasema aina hii haifuati amri ya mtu, inafuata kondoo. Usiku huzunguka boma, mchana hufidia usingizi. Eti! Hata mlevi wa Rangwe ana sababu hiyo. Chakula chake ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, na akishakula asikimbizwe, tumbo lisije likajisokota. Mimi nikishakula naambiwa nikakate majani.

Tena kuna mwana-kondoo anampanda mgongoni na yeye ametulia tu. Ananuia kumla. Naandika hapa ijulikane nani alisema kwanza.

Jumatano, 5 Machi

Mtihani. Adhuhuri nilijifunika gunia, nikaingia bomani kama mwizi, nikambeba mwana-kondoo. Jaduong' hakufungua hata jicho. Ushindi! Kugeuka hivi, yuko mlangoni. Mlango wote. Habweki, hang'ati. Nikisogea ananiegemea mpaka nakaa chini. Nilikaa hapo, mwana-kondoo mapajani, mpaka Sheila akaja kutafuta ndoo. Akacheka akishikilia kigingi. Nikamwambia mbwa huyu hafai, ameshindwa kung'ata mwizi.

"Mwizi gani? Jaduong' anakujua wewe. Amekuhesabu na kondoo."

Tusi hilo nimelimeza. Halijashuka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata akili. Anafanya kazi usiku kwa sababu analala mchana, sivyo? Basi asilale! Mama alienda soko la Rangwe. Kila Jaduong' akifumba macho, mimi debe: pa! Jioni macho yake mekundu kama ya dereva wa lori. Usiku atakoroma, mimi nitakesha na rungu, na asubuhi Mama atajua mlinzi ni nani. Sheila aliuliza debe la nini. Nikasema nafukuza ndege. Akauliza ndege wanafuata nini, na mtama haujapandwa. Huyu msichana ana maswali kama polisi.

Ijumaa, 7 Machi

Nilifumba macho kidogo. Kidogo tu! Kulipokucha, ua umebomoka na kondoo dume wa Mama, yule wa mbegu, hayupo. Damu mpaka vichakani. Jaduong' ameraruliwa sikio, amesimama mbele ya wale waliobaki, anatetemeka. Kumbe aliamka, ila alichelewa.

Mama hakupiga kelele. Alimwosha sikio kwa maji ya chumvi, kisha akauliza bila kugeuka, "Nani alimnyima huyu usingizi?"

Sheila akanitazama. Mimi nikatazama mawingu.

Lakini hebu tufikiri. Fisi alijuaje kwamba mbwa amechoka? Tuliojua ni wawili, mimi na mbwa. Na mimi sijaongea na fisi.

Jumamosi, 8 Machi

Sabato. Mama na Sheila wako kanisani. Nimefunga nguo zangu kwenye mfuko. Nimezifungua. Nimezifunga tena.

Jumapili, 9 Machi

Hukumu imetoka. Mlinzi ni Jaduong'. Mimi nimeambiwa, "Sikio umeliharibu wewe, utaliuguza wewe. Likipona tutaongea." Kusafisha kidonda, kumpaka dawa, kumchana manyoya, na kuhakikisha analala bila kusumbuliwa.

Kwa hiyo nimepandishwa cheo. Msimamizi wa mbwa.

Leo nimemchana, manyoya yakajaa gunia. Katikati ya kazi akaniwekea kichwa gotini, kizito kama jiwe la kusagia, akalala. Mguu ukafa ganzi. Sikusogea.

Lakini mimi si mjinga. Mbwa asiye na siri anawezaje kulala hivyo, tena juu ya goti langu mimi? Nimeazima redio ya Nyamongo, jirani yetu. Kesho adhuhuri naifungulia sauti yote, karibu na lile sikio zima. Akishtuka tu, nitajua ana la kuficha.