Maji ya Jakuzi la Mama Lydia

Jumatatu, 2 Juni

Maji yamebadilika. Wiki iliyopita nilikuwa naona vidole vyangu vya miguu vyote kumi. Leo yamekuwa kama togwa. Nimeyatazama kutoka pande zote nne. Hakuna upande wenye nafuu.

Niandike jambo hili lilivyoanza. Mhandisi mgeni aliyekuwa amepanga mtaa wa pili alihama, akaliacha jakuzi lake zima, lile hodhi la kukaa kwenye maji ya moto, na pampu inayoyapasha, na chujio, na kifuniko. Nikaliomba. Ngeleja, jirani yetu mfugaji, akalivuta kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka uani kwetu. Shabaha ni magoti ya Avelina, mke wangu. Miaka thelathini ameinamia shamba la ulezi. Ikifika Juni, baridi ya Sumbawanga inayakaza kama bawaba zenye kutu.

Jana ameenda kanisani bila fimbo. Bila fimbo. Naandika mara mbili kwa sababu nimefurahi.

Jioni akapita Valerian, kaka yake Avelina. Alikuwa mtunza maabara shuleni. Amestaafu, ila bado anaongea kama mtu aliyevaa koti jeupe. Akachovya kidole. Akasema tuwe tunaoga kwa sabuni kabla ya kuingia, Avelina afute kwanza mafuta ya kuchulia, chujio lisuuzwe kila wiki, na maji haya yamwagwe. Nikamwambia shemeji, maji haya yatafika Krismasi. Sijui Krismasi ilitoka wapi. Lakini kumwaga ni kuchota ndoo hamsini kisimani, na mgongo ni wangu.

Jumanne, 3 Juni

Nimefikiri usiku kucha. Kitu kikichafuka kinafuliwa. Kwa nini maji yasifuliwe?

Vikombe viwili vya sabuni ya unga. Nikawasha pampu.

Mwanzoni ilipendeza. Kisha povu likafika ukingoni, likavuka, likashuka, likaelekea bandani. Kuku wakatoka wenyewe. Ngeleja akachungulia juu ya ua, akauliza kwa upole kama tumeanza kupika pombe. Nikasema ni matengenezo.

Nimezoa povu kwa karai tangu saa nne mpaka saa saba. Avelina alikuwa dirishani. Alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu Januari sijamsikia akicheka hivyo. Nimeongeza muda wa kuzoa kidogo, makusudi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimenunua klorini. Kopo linasema kijiko kimoja. Hilo ni kwa maji ya watu wasafi. Yetu yako mahututi. Nimeweka sita.

Maji yalipong'aa, nikamwita Avelina kwa heshima zote. Akaingia. Akakaa dakika kumi. Akatoka na macho mekundu, ngozi inamwasha mpaka shingoni, na kitenge chake cha bluu kina mabaka meupe. Ni kile alichovaa Lydia, binti yetu, alipopata kipaimara.

Amejimwagia maji safi, akakaa karibu na jiko la mkaa akijipaka mafuta miguuni. Nikamwambia pole. Akasema, "Umeniogesha kama choo cha shule, Baba Lydia." Akatabasamu, lakini kidogo. Amesema atapumzika na maji kwa siku kadhaa.

Kitenge nimekianika mwenyewe.

Ijumaa, 6 Juni

Nilijua dawa ya klorini ni nini. Siki. Kikali huondolewa na kikali. Nilikuwa nimesimama juu ya jakuzi, chupa imefunguliwa, imeinama, ndipo Valerian akaingia getini.

"Shemeji, weka chini hiyo chupa. Weka chini."

Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alinishika mkono wa shati akanivuta mpaka mlangoni. Akasema siki ikikutana na klorini inatoa hewa ya kukaba koo, na angenikuta chini. Akasema kifuniko kiachwe wazi tu, jua na upepo vitapunguza ukali polepole.

Nikamwambia siki ilikuwa ya kachumbari. Akatazama jakuzi, akatazama chupa. Akanywa chai, akaondoka. Nilitaka kumshukuru. Nikamkumbusha kufunga geti.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Kanisa limejaa. Avelina na fimbo.

Wenzake walipopiga magoti, yeye alibaki amekaa, kichwa ameinamisha, kama aliyechelewa. Mahubiri sikuyasikia. Wakati wa kutoka alimshika Valerian mkono, siyo mimi. Mimi nilikuwa nimebeba mkoba. Nimejiambia ndiyo sababu.

Nyumbani amelala mapema. Nimekaa kando ya kitanda nikimchua magoti mpaka akasinzia. Ni madogo kuliko ninavyoyakumbuka.

Jumanne, 10 Juni

Nimeamka na mpango bora kuliko yote. Mchanga. Edwin, rafiki yangu wa Kaengesa anayechimba visima, huwa anapitisha maji kwenye mchanga yanatoka safi. Nikapanda bodaboda alfajiri. Edwin akanieleza kwa saa nzima, nikaelewa nusu, nikarudi na gunia limekaa kati yangu na dereva kama abiria wa tatu.

Nimefika saa tisa. Uani kuna maji kila mahali. Ngeleja amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anahema. Valerian amekunja suruali mpaka magotini, anasuuza chujio. Na jakuzi limejaa maji mapya, yanatoa mvuke, na ndani yake Avelina, mpaka mabegani, macho amefumba.

Wameyamwaga. Wamesugua kuta. Wamechota ndoo zote hamsini mimi nikiwa nasikiliza habari za mchanga.

Nilikuwa na maneno mengi. Avelina akafumbua macho.

"Nimewaomba mimi," akasema. "Usikasirike. Wewe ulinitafutia mahali pa kuweka magoti yangu. Hayo mengine waachie na wenzako."

Nikaweka gunia chini. Nikaenda bafuni, nikaoga kwa sabuni, kila mahali, hata nyuma ya masikio. Wengine walipoondoka nikaingia. Miguu yetu imegusana kule chini, na ya kwake ilikuwa laini, imelegea.

Lakini kwanza nilimsindikiza Valerian mpaka getini. Nikasema asante. Ilikuwa ngumu kidogo, ila ilitoka. Akajibu, "Isdori, nakuomba. Usiongeze kitu."

Jumamosi, 14 Juni

Siku nne, maji ni kioo. Kijiko kimoja tu cha klorini. Chujio nimelisuuza mwenyewe. Kila mtu anaoga kwanza, na mgeni pia. Avelina amekwenda Ilemba kwa dada yake asubuhi hii, na kutoka mlangoni mpaka kwenye gari ametembea mikono mitupu, anapungia watu. Nimekubali mbele ya Ngeleja kwamba Valerian alikuwa sahihi kwa kila jambo.

Ila kuna jambo Valerian hakulifikiria. Harufu. Maji safi hayanukii chochote, na mke wangu anastahili kunukiwa na kitu. Sokoni kuna mama anauza mafuta ya mkaratusi, mazuri sana kwa viungo. Amesema matone matatu. Yeye anazungumzia beseni.

Nimemimina chupa tatu.

Pampu imeanza kutoa sauti ambayo sijawahi kuisikia, na maji yamepata rangi fulani. Mtu mwingine angeingiwa na wasiwasi. Avelina anarudi saa kumi na moja. Nitampokea barabarani, nimshike mkono, nimwambie afumbe macho tangu getini.